Paulo aliomba chumba: nyumba ya mpito kwa akina mama wanaotoka gerezani (uzi mrefu, naombeni uvumilivu)

#1 – Mleta uzi (Morogoro)

Wakuu, Bwana Yesu asifiwe, na salaam kwenu msio wa imani yangu.

Mimi ni mama wa makamo, niko umoja wa wanawake wa usharika wetu hapa Morogoro. Tangu 2014 naingia gerezani na wenzangu kuwatembelea akina mama waliofungwa. Wengi wenu mnajua inavyokuwa. Mnachanga sabuni, pedi, mafuta ya kupaka na sukari, mnakodi gari, mnafika getini asubuhi, mnakaguliwa, mnaingia, mnaimba, neno linahubiriwa, mnaombea wagonjwa, mnaaga. Tukitoka hapo kila mmoja anarudi kwake akiwa na amani kwamba ametimiza lile neno la Mathayo 25, la kuwatembelea waliofungwa.

Kwa miaka mitano sikuwahi kujiuliza hawa tunaoimba nao wakitoka wanakwenda wapi.

Desemba 2019 Rais Magufuli alitoa msamaha kwa wafungwa 5,533 siku ya Uhuru. Siku mbili baadaye, jioni, nilikuwa stendi ya Msamvu namsubiri mdogo wangu anayetoka Dodoma. Nikasikia sauti nyuma yangu, "Mama Sabuni." Ndilo jina walilonipa kule ndani. Nikageuka, namwona dada mmoja ambaye nimeimba naye si chini ya mara kumi. Kashika mfuko wa rambo wenye khanga na Biblia. Alikuwa amelala stendi usiku mbili. Nauli ya kwenda kwao alikuwa nayo. Ila alipoazima simu akampigia dada yake, aliambiwa asije kwanza, mume ameoa, watoto wako kwa bibi upande wa mume, na mtaani watu bado hawajasahau.

Nilimchukua. Sikumuuliza mtu, hata baba watoto nilimwambia tukiwa tayari getini.

Nawaeleza kitu kimoja cha usiku ule kwa sababu ndicho kilichonibadilisha. Tulikuwa tumekaa sebuleni, yeye kwenye kochi, ananywa chai. Mume wangu akaingia kumsalimia. Yule dada aliweka kikombe chini haraka, akashuka kwenye kochi akachuchumaa sakafuni, mikono juu ya magoti, macho chini, akasema, "Shikamoo afande." Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Alisimama pale mlangoni, akakosa la kujibu. Baadaye akaniambia, "Huyu kaachiwa na gereza, ila hajapokelewa na mtu."

Usiku huo sikulala. Nikafungua waraka kwa Filemoni, ule mfupi, sura moja tu. Tunaupenda kwa habari ya Onesimo. Nikafika mstari wa 22, ambao naamini nimeshausoma mara ishirini bila kuuona. Paulo yuko kifungoni. Anamwandikia rafiki yake, na mwishoni anamwomba amwandalie mahali pa kukaa, kwa kuwa anatarajia kuachiwa. Ndugu zangu, mfungwa anaomba chumba! Hata mtume mwenyewe alijua kwamba mtu akitoka kifungoni haja yake ya kwanza ni mlango wa kubisha hodi.

Kutokana na usiku huo tuna nyumba. Ni ndogo, ya kupanga, vyumba vitatu na sebule. Naleta uzi huu kwa sababu nataka makanisa mengine yafanye, na yasirudie makosa yetu.

Kwanza mjue mwanamke anatoka akiwa amekosa nini. Huyu wa kwanza alifungwa 2013. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 20, 2020. Yeye katoka wiki sita kabla ya hapo, hana namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, hajui hata NIDA ni nini. Bila NIDA hana laini. Bila laini hatumiwi hata elfu tano na mtu, hapigiwi simu na mtoto wake, hakuna mama lishe atakayemwita kazini. Kupata NIDA fomu inataka mhuri wa mtendaji, na mtendaji hawezi kumgongea mhuri mtu asiyejulikana anaishi nyumba gani. Mnaona mzunguko huo? Kila kitu kinamrudisha kwenye swali lile lile la mahali pa kukaa.

Kisha afya. Kama yuko kwenye dawa za ARV au dozi ya kifua kikuu, anahitaji kliniki ya kuhamia siku zile zile za mwanzo. Mtu anayelala stendi hakumbuki tarehe ya kliniki.

Na kwa mwanamke kuna jingine ambalo mwanamume hakutani nalo sana. Mwanamume akifungwa, mara nyingi kuna mke au mama anayepeleka chakula, anayetunza watoto, anayengoja. Mwanamke akifungwa, nyumba yenyewe inasambaratika. Akitoka hakuti kitu cha kurudia.

Naishia hapo kwanza. Maswali karibuni.

#2 – Mchangiaji (Dar)

Mama, heshima yako, na Mungu akubariki kwa moyo huo. Lakini niruhusu niseme la upande wa pili. Mimi niliibiwa na dada wa kazi, akaondoka na kila kitu pamoja na fedha za ada. Alifungwa. Leo nikisikia kanisa linampa nyumba, godoro na mtaji, na mimi niliyeibiwa hakuna aliyekuja kuniuliza hali, nitaumia. Pia nina watoto wadogo, kwa kweli nyumba ya waliofungwa jirani yangu nisingeikubali.

#3 – Mleta uzi

Mwanangu, pole sana, na swali lako nalichukua kwa uzito wote. Umenikumbusha kwamba hata sisi hatukuwahi kwenda kwa walioumizwa. Nitalipeleka kwenye kikao chetu, nakuahidi.

Kuhusu ujirani, wenye nyumba wawili walitukatalia kwa maneno hayo hayo. Wa tatu ni mama mjane, alituuliza tu, "Watafagia uwanja?" Tukasema ndiyo. Akatupa.

Ila fikiria hivi. Amemaliza kifungo chake, sheria imesema basi. Lazima alale mahali fulani usiku wa leo. Akikosa kwetu, atalala stendi, au kwa mwanamume wa kwanza atakayemwambia njoo, au kwa yule aliyempikisha gongo hadi akakamatwa. Mtaa ni huo huo, sema wewe hutajua kama yupo. Mimi naona afadhali yuko mahali ambapo mtendaji anamjua, mjumbe anamjua, na kuna mama mtu mzima anayepita kila jioni kumjulia hali.

Na si mawazo ya kanisa peke yake. Umoja wa Mataifa ulipitisha Kanuni za Bangkok mwaka 2010, mahsusi kwa wanawake wafungwa. Kanuni ya 45 inataka nyumba za mpito zitumike kadiri inavyowezekana, na ya 47 inataka msaada uendelee baada ya kuachiwa, wa kisaikolojia, wa tiba, wa kisheria na wa maisha ya kila siku. Zile Kanuni za Nelson Mandela za 2015 zinasema anayetoka awe na hati zake, nguo, nauli na pa kufikia. Nauli inatolewa. Pa kufikia ndipo penye tatizo.

#4 – Mchangiaji (Nairobi)

Shukran mleta mada. Huku Kenya shida ni hiyo hiyo, na inauma zaidi kwa akina mama wenye watoto. Sheria yetu inamruhusu mtoto kukaa na mamake gerezani hadi afikishe miaka minne. Baada ya hapo anatolewa, anapelekwa kwa jamaa au kwa makao, mama anabaki kumalizia kifungo. Akitoka, kazi ya kwanza ni kumtafuta mtoto, na anaulizwa, "Utamlaza wapi?" Hana jibu, basi hapewi mtoto.

Tuna mfano wa Teresa Njoroge. Alikuwa mfanyakazi wa benki, akafungwa Lang'ata akiwa na mtoto mchanga wa miezi mitatu, na baadaye rufaa ikamwondolea hatia. Akaanzisha Clean Start kusaidia wanawake waliotoka jela. Si kanisa, lakini nataja kwa sababu mtu aliyepitia ndiye anayejua kinachohitajika. Swali langu, je, kwenye kamati yenu kuna mama aliyewahi kufungwa?

#5 – Mleta uzi

Dada wa Nairobi, mwaka wa kwanza hakuna aliyekuwepo. Sasa wapo wawili kati ya saba, na yule wa Msamvu ndiye mweka hazina. Mengi tuliyokosea yametokana na kukosa watu kama hao mezani.

#6 – Mchangiaji (Tanga)

Assalaam aleikum. Nauliza bila ubaya. Mimi ni Muislamu. Dada yetu wa Kiislamu akitoka gerezani mkampokea kwenye nyumba ya kanisa, kuna masharti ya kubadili dini? Maana shida inaweza kumfanya mtu akubali lolote.

#7 – Mleta uzi

Wa aleikum salaam kaka yangu. Umegusa kidonda chenyewe, na nitajibu kwa urefu kwa sababu hapa ndipo tulipokosea.

Tulipoanza tuliandika kanuni kwenye karatasi tukabandika ukutani. Ya kwanza ilikuwa ibada saa kumi na moja alfajiri, kila mkaazi, bila kukosa. Tuliona ni jambo jema, nyumba ni ya Bwana. Wa tatu kuingia alikuwa dada Muislamu. Alihudhuria kila siku, anaimba, anasema amina. Baada ya wiki tano akaondoka bila kuaga. Godoro alilikunja vizuri, shuka akalifua, akaliacha limeanikwa. Miezi baadaye nilikutana naye sokoni Mawenzi anauza mboga. Sikumlaumu, nilimuuliza tu. Akaniambia, "Mama, kule ndani nilikuwa naamshwa kwa lazima nihesabiwe. Kwenu niliamshwa kwa lazima niombe."

Tulikaa kikao, tukalia kweli, tukabandua ile karatasi. Ibada ipo mpaka leo, saa kumi na mbili jioni, sebuleni, anayetaka anakuja. Asiyetaka anakaa chumbani au anapika. Nguruwe haipikwi humo. Ramadhani iliyopita tulikuwa na wakaazi wawili wanaofunga, na mwenzao Mkristo ndiye aliyekuwa akiamka kuwasha jiko la mkaa awapashie daku. Hatumbatizi mtu akiwa mkaazi, hata akiomba. Tunamwambia asubiri akishakuwa kwake, anayejilipia kodi, ndipo tutajua ni moyo wake na si njaa. Kuna wazee wa kanisa hawakupenda hilo. Mimi naliamini kwa moyo wote.

Kosa la pili lilikuwa kubwa kuliko hilo. Dada mmoja alifungwa kwa kesi ya kuua bila kukusudia. Baada ya miezi mitatu alikuwa anakaanga maandazi na vitumbua, ana wateja wake wa asubuhi, anaanza kuweka akiba kwenye kikoba. Sisi kwa furaha tukamwomba asimame Jumapili atoe ushuhuda. Aliniangalia, akasema, "Mama mkitaka nitasimama." Hapo ningepaswa kuelewa. Alisimama, akasema yote. Watu walipiga makofi, walitoa sadaka nzuri. Jumatatu maandazi yalibaki nusu ya beseni. Jumatano yakabaki karibu yote. Bombani mtoto wa jirani alimwambia neno ambalo siwezi kuliandika hapa. Alifunga biashara, akahama mji.

Namba yake ninayo, tunaongea, alinisamehe kabla sijamwomba. Lakini tangu siku hiyo ni mwiko kwetu. Hakuna ushuhuda wa mkaazi kanisani, hakuna picha, hakuna kumtaja kwa mfadhili. Kitabu cha wakaazi kinakaa kwangu kabatini na hakiandiki kosa la mtu. Siri ya mwenzio uliyoaminiwa si ya kuchangishia sadaka. Makanisa yanayosoma hapa, tafadhali, mkianza anzeni na hilo.

#8 – Mchangiaji

Nimesoma uzi wote natetemeka. Sijawahi kuandika humu, huwa nasoma tu. Mimi nilikaa miaka sita. Siku ya kutoka tuliitwa majina asubuhi, saa nane mchana niko barabarani. Watu wanadhani unatoka unaruka kwa furaha. Mimi niliogopa kuvuka barabara, bodaboda zimekuwa nyingi, zinatoka kila upande. Nilisimama pale mpaka mama mmoja akanishika mkono.

Nilifika nyumbani usiku. Shemeji ndiye alifungua. Hakunifukuza, alinipa mkeka jikoni. Nilikaa jikoni miezi minne. Kila kitu kikipotea, hata kijiko, wananitazama mimi. Sikuwa nimefungwa kwa wizi.

Kama kungekuwa na nyumba hiyo mkoani kwangu ningekwenda hata kama ni ya kulala chini. Wala nisingetaka chakula cha bure, nilikuwa natafuta mahali ambapo kijiko kikipotea kinatafutwa kwanza. Asante mama.

#9 – Mleta uzi

Mwanangu wa #8, nimekusoma kwa sauti kwa wenzangu jioni hii, bila kutaja ni wapi umeandika. Wamenyamaza muda mrefu, kisha yule mweka hazina wetu akasema, "Mwambie hata mimi niliogopa bodaboda." Nakushukuru. Kama uko tayari niandikie faragha, nikuunganishe na akina mama wa huko kwenu.

#10 – Mchangiaji (Mbeya)

Mama, sisi umoja wetu tuko tayari kujaribu. Tupe mambo ya mkononi. Fedha mnatoa wapi? Nani analinda usiku? Mtu anakaa muda gani?

#11 – Mleta uzi

Kodi ni 120,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anapokea ya miezi sita kwa pamoja. Tuko akina mama 24, kila mmoja 5,000 kwa mwezi, inatosha kodi na haibaki kitu. Chakula kinatoka kwa watu, wakati wa mavuno tunapata mahindi, mchele, maharage, ndizi kutoka milimani. Umeme na maji wakaazi wanachangia wakishaanza kupata chochote, hata mia tano. Wanapenda kuchangia, msiwanyime. Wafadhili wa nje hatuna, na kwa udogo huu hatujaona kama tunakwama kwa hilo.

Muda tulisema miezi mitatu. Ikashindikana, NIDA peke yake inaweza kula muda huo. Sasa tunasema mpaka mwaka mmoja. Nimesoma habari za kasisi mmoja mwanamke wa Kianglikana huko Nashville, Marekani, Becca Stevens, aliyeanza mwaka 1997 na nyumba ya wanawake watano waliotoka kwenye ukahaba, dawa za kulevya na jela. Wanakaa miaka miwili bila kulipa, na baadaye wakaanzisha kazi ya kutengeneza mishumaa na mafuta ili wapate kipato chao wenyewe. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba hakuna msimamizi anayelala humo.

Wala si jambo jipya katika Ukristo. Mjini New York nyumba ya wanawake waliotoka gerezani ilifunguliwa mwaka 1845. London nyingine ilifunguliwa 1849 kwa jina la Elizabeth Fry, yule mama aliyeingia gereza la Newgate 1813 akakuta wanawake na watoto wamerundikana, na ambaye alikufa 1845 kabla ya kuiona. Yeye naye alianza kama sisi, na nguo na kusoma neno. Waliomfuata wakaona wanahitaji nyumba.

Sasa swali la kulinda usiku. Mwanzoni tulimweka mama mmoja wa kwetu alale humo na funguo azishike yeye. Saa tatu anafunga mlango wa mbele, anaweka funguo chini ya mto. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anaogopa wezi. Lakini wakaazi walikuwa hawalali. Wanasikia ufunguo unazunguka, na kila mmoja anajua mlio huo. Yule wa Msamvu ndiye aliyetuambia.

Tukachonga funguo nne, kila mkaazi na wake. Siku niliyompa wake aliuangalia, akaenda mlangoni akafunga, akafungua, akatoka nje, akafunga kwa nje, akabisha hodi, akajifungulia mwenyewe akaingia. Kisha akaufunga kwenye pindo la khanga, fundo la kukaza, na mpaka leo anautembeza hivyo ingawa ana chumba chake mwenyewe Kihonda na kufuli jingine kabisa. Tangu hapo hakuna wa kwetu anayelala pale. Tunapita jioni, tunabisha, tunakaribishwa.

Mengine kwa haraka. Mwoneni mtendaji na mjumbe kabla ya kupanga, msifanye kwa kificho, ila msitaje kosa la mtu. Mwoneni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, hasa kama mtapokea mama mwenye mtoto. Ombeni mkuu wa gereza awaruhusu kuonana na anayekaribia kutoka miezi miwili mitatu kabla, sisi tulikubaliwa kwa barua ya kawaida tu. Mkimrudisha mtu kijijini na kesi yake ilikuwa ya damu, wazee wa pande zote mbili wakae kwanza, hata ikichukua mwaka. Tuliwahi kuharakisha mara moja tukarudi na mtu wetu usiku ule ule. Na anzeni na wanawake wawili, msianze na kumi.

Ndugu wa Mbeya, njooni mkae nasi siku mbili, muone wenyewe. Ila msije kabla ya tarehe 9 Desemba. Ni siku ya Uhuru, na msamaha ukitoka hatujui watakuwa wangapi wa kwetu. Vitanda viwili viko wazi. Magodoro tumeyatoa juani tangu asubuhi, na sasa naona wingu kutoka upande wa Uluguru, ngoja nikasaidie kuyaingiza.